Barua ya Wazi kwa Mtukufu Kamishna wa NFL: Ombi Dogo Kuhusu Vichwa

Kwa Mtukufu Roger Goodell,
Kamishna wa Ligi ya Taifa ya Futiboli ya Marekani (NFL),
Park Avenue, New York.

YAH: OMBI LA KUVIFIKIRIA VICHWA VYA WATU WAKO

Mtukufu Kamishna,

Shikamoo. Naitanguliza nikijua kwamba huko kwenu haina mwitikio, lakini mdogo haachi kuamkia kwa sababu mkubwa yuko mbali. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wenye timu zako 32, na kwamba katika jamaa yenu yote hakuna anayeumwa kichwa.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtu mdogo. Ni mmoja wa wale wachache wa Afrika Mashariki wanaokesha hadi saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu ili waone Super Bowl ikianza, kisha asubuhi wanafika kazini na macho mekundu wakisingizia mbu. Sina hisa, sina tiketi, sina mwanasheria. Najua pia kwamba muda wako ni ghali. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2021 kwamba ulilipwa karibu dola milioni 128 kwa miaka 2 ya fedha. Kwa hesabu hiyo kila dakika yako inapita dola 100, hata zile unazolala. Nitajitahidi nisikutie hasara.

Nianze na shukrani, kama inavyompasa mwombaji. Mchezo unaousimamia haukuzaliwa mpole. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwa ajili yake, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wawakilishi wa vyuo Ikulu wazungumze namna ya kuunusuru. Siku hizo waliojikinga walivaa ngozi kichwani, na wengi hawakuvaa chochote. John T. Riddell wa Chicago alileta helmeti ya plastiki mwaka 1939, na mwaka 1943 ligi yako ikaamuru kila mchezaji avae helmeti. Hata hivyo mwaka 1968 peke yake wachezaji 36 wa ngazi zote nchini Marekani walikufa kwa majeraha waliyoyapata mchezoni. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo cha viwango kiitwacho NOCSAE, na mwaka 1973 kikatoa kipimo chake cha helmeti za futiboli: kichwa cha bandia huvishwa helmeti, huangushwa juu ya kitako kigumu, na vyombo vilivyomo ndani hupima mshtuko. Mwaka 1990 hakufa hata mmoja kwa majeraha ya aina hiyo. Wapo wazee wanaocheza na wajukuu leo kwa sababu ya kazi hiyo, na mimi ni nani nisiwashukuru walioifanya?

Ila, kwa ruhusa yako, naomba plastiki isipewe sifa zote. Helmeti ilipokuwa ngumu na kuwekewa wavu usoni, wachezaji waligundua kwamba kichwa kinaweza kutangulizwa vitani. Wakafundishwa kumwingia mpinzani kwa kichwa, na vijana wakavunjika shingo na kupooza. Mwaka 1976 vyuo na shule za sekondari zilipiga marufuku kumgonga mwenzio kwa utosi, na idadi ya waliopooza ikashuka mno. Kazi hiyo haikufanywa na helmeti mpya. Ilifanywa na sentensi iliyoongezwa kwenye kitabu cha sheria, na kitabu cha namna hiyo kwa upande wa ligi, Mtukufu, kinakaa ofisini kwako.

Sasa niruhusu niguse yaliyomo ndani ya kichwa, ingawa si mahali pa mgeni. Mwaka uleule wa 1943, mwanafizikia wa Oxford aitwaye A. H. S. Holbourn alichapisha makala iliyoonyesha, kwa kutumia mifano ya jelatini, kwamba ubongo huumizwa sana na kichwa kuzungushwa ghafla. Fuvu hugeuka, ubongo huchelewa kulifuata, na nyuzi zake laini huvutika mpaka zikaumia. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4, ni laini, na umezungukwa na majimaji. Mnunuzi wa nazi sokoni huitikisa sikioni asikie maji. Ifunge nazi hiyo kwa godoro zuri kuliko yote duniani, kisha itikise tena: kifuu hakitapata mkwaruzo, na maji bado yatacheza. Kipimo cha mwaka 1973 kilikuwa cha kifuu. Kilikusudiwa kuzuia fuvu lisipasuke na ubongo usivuje damu, na kwa hilo kilifaulu. Mtikisiko wa ubongo haukuwa kazi yake.

Nakiri mbele yako kwamba wahandisi wamekutumikia kwa bidii. Kazi yao ni ngumu kuliko ya mtengenezaji wa helmeti ya bodaboda. Sponji ya helmeti ya bodaboda hufa mara moja: inapondeka katika ajali, inaokoa maisha, inatupwa. Helmeti ya futiboli inapigwa mamia ya mara kwa msimu, na kila mara lazima sponji yake irudi ilivyokuwa kabla ya pigo linalofuata, sekunde 30 baadaye. Ukiinenepesha ili ipokee zaidi, inakuwa mzigo shingoni. Hata hivyo wamejaribu. Kampuni ya Vicis ya Seattle ilileta uwanjani mwaka 2017 helmeti yenye ganda la nje linalobonyea, na chini yake vijinguzo vinavyopinda upande wowote pigo linakotokea. Bei yake ilikuwa dola 1,500. Leo zipo helmeti zilizobuniwa kwa ajili ya wachezaji wa mstari wa mbele, wanaogongana paji kwa paji kila mpira unapochezwa, na zipo za kwotabeki, mrushaji wa mpira, ambaye mara nyingi huumia kwa kisogo kupigwa chini. Ligi yako iliandaa shindano la helmeti lenye fungu la dola milioni 3. Kila mwaka mnabandika vyumbani mwa wachezaji bango la matokeo ya maabara, lenye rangi ya kijani kwa helmeti nzuri na nyekundu kwa zilizokatazwa.

Na katazo lenu lina meno. Mwaka 2019 nyota Antonio Brown alitaka kuendelea kuvaa helmeti yake ya zamani aliyoizoea. Alilalamika rasmi mara 2, akashindwa mara 2, na helmeti ikamvuka. Tulioshuhudia tulijifunza kwamba ofisi yako ikiamua jambo la kichwani, linakuwa.

Ndiyo maana, Mtukufu, nina swali moja ambalo huenda ni la kijinga. Mwaka 2022 mliamuru wachezaji wa mstari wa mbele na wenzao wanaogongana sana wavae Guardian Cap, ile sponji nene inayofunikwa juu ya helmeti, katika mazoezi ya kabla ya msimu. Mkatangaza wenyewe kwamba mitikisiko ya ubongo kwa wachezaji hao ilipungua kwa karibu nusu. Mkapanua amri hiyo ifike mazoezi ya msimu mzima na nafasi nyingine uwanjani, mkiwaachia tu wale wenye helmeti mpya zilizopimwa zikatosha. Kisha mwaka 2024 mkaruhusu sponji hiyo ivaliwe hata kwenye mechi, kwa anayependa. Hapo akili yangu ndogo inakwama. Jumatano, mchezaji akigongana na mwenzake wa timu moja ambaye hana sababu ya kumchukia, sponji ni lazima. Jumapili, akigongana na adui mwenye kilo 140 anayelipwa ili amwangushe, sponji ni hiari. Bila shaka kuna hekima hapo. Nisingependa kuamini maneno ya mtaani kwamba hekima yenyewe ni kamera, kwamba Jumatano hakuna televisheni na sponji inaharibu sura ya nembo.

Najua utanijibu kwa upole kwamba chama cha wachezaji, NFLPA, lazima kikubali, na kwamba wachezaji wenyewe hawaitaki. Ni kweli. Mchezaji Tua Tagovailoa, akichezea Miami, alipepesuka uwanjani Septemba 2022, akarudishwa mchezoni, na siku 4 baadaye akatolewa kwa machela huko Cincinnati vidole vikiwa vimekakamaa mbele ya dunia nzima. Mkarekebisha utaratibu wenu wa kupima wachezaji, na nawapongeza. Septemba 2024 akaumia tena, na aliporudi alikataa Guardian Cap akisema ni uamuzi wake binafsi. Lakini Antonio Brown naye alikuwa na uamuzi wake binafsi, na mlijua la kufanya.

Tena haki inanilazimisha niseme kwamba sponji hiyo si dawa. Waliochunguza nje ya ligi hawakuona daima manufaa makubwa mliyoyatangaza ninyi. Watengenezaji wa helmeti wenyewe ni wakweli kuliko wengi wetu: huweka lebo nyuma ya helmeti kuonya kwamba haiwezi kuzuia kila jeraha la ubongo, na mmoja wao aliandika wazi kwamba anayetaka kuepuka hatari hizo asicheze futiboli. Sijawahi kuona mfanyabiashara mwenye adabu kama huyo.

Unisamehe nikigusa sasa mambo ya zamani, ambayo mengine yalitokea kabla hujakikalia kiti hicho mwaka 2006. Mwaka 1994 ligi iliunda kamati ya kuchunguza mitikisiko ya ubongo, ikamweka mwenyekiti daktari bingwa wa baridi yabisi. Nina hakika alikuwa stadi wa magoti. Mwaka 2002 Mike Webster, aliyekuwa nguzo ya Pittsburgh Steelers, alikufa akiwa na miaka 50 baada ya kuishi kwa kuchanganyikiwa. Aliyefungua fuvu lake alikuwa daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu. Ubongo ulionekana mzima kwa macho, lakini Omalu hakuridhika. Akaukata vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini, akakuta mabonge ya protini iitwayo tau. Ugonjwa huo unaitwa CTE, kuharibika kwa ubongo taratibu kutokana na vipigo vya kurudiarudia. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi waliliandikia jarida wakitaka makala yake ifutwe. Haikufutwa. Mwaka 2009, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wewe mwenyewe uliulizwa kama mchezo una uhusiano na magonjwa ya ubongo, na kwa unyenyekevu ambao najaribu kuuiga katika barua hii, ukasema madaktari wanajua kuliko wewe. Ilipofika mwaka 2016 ndipo mkuu wa afya na usalama wa ligi alikubali mbele ya wabunge kwamba uhusiano upo.

Na kwa kuwa barua hii inatoka Afrika, sitaweza kupita bila kutaja hesabu nyingine, ingawa nitaitaja kwa sauti ya chini. Wachezaji wa zamani zaidi ya 4,500 walipoishtaki ligi, mwaka 2013 yalifikiwa makubaliano ya dola milioni 765, na baadaye ukomo huo ukaondolewa. Lakini katika kupima nani amepungukiwa na akili kiasi cha kulipwa, kilitumika kipimo kilichochukulia kwamba mtu Mweusi alianza na akili pungufu. Kwa hiyo ili Mweusi alipwe, ilibidi apoteze zaidi ya Mweupe. Na wachezaji wengi wa ligi ni Weusi. Mwaka 2021, baada ya Kevin Henry na Najeh Davenport kwenda mahakamani, ligi iliahidi kuachana na kipimo hicho. Asante. Hakuna helmeti ambayo ingemkinga mtu na kalamu ya namna hiyo.

Naomba sasa niingie kwenye kiini. Ligi yako hutangaza kila mwaka idadi ya mitikisiko iliyogunduliwa, na habari ni njema: 281 mwaka 2017, 182 mwaka 2024. Ila CTE haifuati hesabu hiyo. Inafuata jumla ya vipigo, pamoja na vile ambavyo mchezaji aliinuka, akajipangusa nyasi na kurudi mstarini bila mtu yeyote kuandika kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walipochunguza bongo za wachezaji 631 na kuchapisha mwaka 2023, kilichotabiri ugonjwa vizuri zaidi kilikuwa nguvu ya vipigo iliyolimbikizwa miaka yote ya kucheza. Idadi ya mitikisiko iliyogunduliwa haikusaidia kutabiri. Chuo hichohicho mwaka 2017 kilikuwa kimeukuta ugonjwa huo katika bongo 110 kati ya 111 za waliochezea NFL. Najua, na ni haki kusema, kwamba bongo hizo zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili, kwa hiyo hazipimi wachezaji wote. Lakini 110 kati ya 111, Mtukufu, ni sampuli inayostahili angalau kikombe cha kahawa na nusu saa ya kuitafakari.

Ikiwa ni jumla inayoua, helmeti bora hupunguza ukubwa wa kila pigo, na ratiba ndiyo inayoamua idadi ya mapigo. Helmeti mnaiboresha. Ratiba je? Mwaka 2021 msimu ulitoka mechi 16 ukawa 17, na umesikika hadharani ukiizungumzia kwa wema mechi ya 18. Mhandisi anajifungia maabara miaka mitatu ili apunguze asilimia chache za mshtuko, na kikao cha asubuhi moja kinazirudisha zote kwa kuongeza Jumapili. Nisingependa kuwa mhandisi huyo.

Wapo waliojaribu njia nyingine, na hawakufa njaa. Kocha Buddy Teevens wa Chuo cha Dartmouth aliondoa kuangushana katika mazoezi mwaka 2010. Wachezaji wake wakajifunza kwa magunia na baadaye kwa kidude cha roboti kinachokimbia uwanjani. Mwaka 2015 Dartmouth waligawana na wenzao ubingwa wa Ivy League, ligi yao ya vyuo. Mwaka 2016 vyuo vyote vya Ivy League vikakubali kuacha kuangushana katika mazoezi ya msimu. Mwaka huohuo vilisogeza mpira wa kuanzia yadi 5 mbele, ili mara nyingi ufe nje bila kurudishwa, na mitikisiko katika mpira huo ikashuka kutoka karibu 11 hadi 2 kwa kila mipira 1,000 ya namna hiyo. Hamkosi kulijua hilo, kwani nanyi mliubadilisha mpira wa kuanzia mwaka 2024 ili watu wasigongane baada ya mbio ndefu. Mkataba wenu na wachezaji wa mwaka 2011 uliwekea ukomo wa 14 mazoezi ya vifaa kamili katika msimu. Dawa mnaijua, na mmeshainywa kwa vijiko.

Tena mnatufahamisha wenyewe mnachoamini mnapokuja kwetu. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga, alivaa helmeti ya Indianapolis Colts mwaka 2013, na miaka 10 baadaye mlileta kambi yenu Nairobi. Kwa watoto wa dunia mnahubiri futiboli ya vitambaa, ambayo mtu husimamishwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni, bila helmeti na bila kuangushwa. Hiyo ndiyo itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Ninashukuru kwa niaba ya mama zetu. Lakini mjomba wa watoto hao huenda anaishi Ohio au Texas, na mwanawe wa miaka 9 tayari amepewa helmeti ya kugongana nayo. Naye ni mtoto.

Kwa hiyo, nikiwa nimepiga magoti, naomba mambo 4. Kwanza, kinga iliyo lazima kwenye mazoezi iwe lazima kwenye mechi, na ofisi yako iwashawishi NFLPA kwa bidii ileile inayotumia kuwashawishi kuhusu ratiba. Pili, kila pigo la mchezaji linaloweza kupimwa na vyombo lihesabiwe na jumla yake ipewe mchezaji mwenyewe, ili ajue amebeba kiasi gani kabla ya kusaini mkataba mwingine. Tatu, ligi itumie jina lake kubwa kusema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 acheze ya vitambaa, hapo Marekani kama hapa. Nne, mechi ya 18 iachwe.

Na kama hayo 4 ni mengi kwa mtu mwenye shughuli zako, basi naomba moja tu, ambalo halina gharama. Siku wenye timu watakapokaa kupigia kura mechi ya 18, chukua helmeti yoyote iliyo karibu, igeuze, uwasomee kwa sauti lebo iliyobandikwa nyuma, mwanzo hadi mwisho. Kisha wapige kura.

Nabaki, kwa heshima zote,

Wako mtiifu,
Mtazamaji wa Afrika Mashariki